Jahazi la mfano la marehemu babu linaachana mbao tangu lihamie Dodoma, nijaze puti au nifanyeje?

nkuhungu_dom

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa mwenye uzoefu na vyombo vya mfano vya mbao, vile vya matanga. Marehemu babu yetu alikuwa fundi wa vyombo kule Pangani na alituachia jahazi dogo alilotengeneza kwa mkono wake, siyo yale ya gogo moja yanayouzwa kwa watalii, hili ni jahazi kamili, lina mkuku (ule uti wa chini), lina mataruma (mbavu) ndani, mbao zimepigwa misumari mmoja mmoja, urefu kama sentimita 75 kutoka omo (mbele) mpaka shetri (nyuma). Miaka yote lilikaa sebuleni kwa shangazi Pangani na halikuwa na shida yoyote. Shangazi alipofariki familia ikakubaliana nikae nalo mimi, nikalileta huku Nkuhungu.

Sasa tangu kiangazi kimeanza kukolea mbao zinaachana. Upande wa kulia chini karibu na mkuku kuna ufa unaingia ukucha, ukichungulia kwa juu unaona mwanga unapita. Shetri imeachia kona moja. Misumari kadhaa imetoa vichwa nje na ina kutu. Tanga limeoza, yamebaki matambara kwenye foromali (ule mti unaobeba tanga), na kamba ukizigusa tu zinakatika. Rangi ya kijani na nyeupe aliyopaka babu bado ipo ila imefubaa, halafu kuna vumbi kila kona, upepo wa huku mnaujua.

Nimelipeleka kwa fundi wa fenicha hapa mtaani akanambia kazi rahisi, anapiga msasa lote, anajaza puti, sendingi sila, anamalizia na vanishi ya kung'aa, siku mbili nalichukua likiwa jipya. Nimesita nikarudi nalo nyumbani. Ile rangi aliipaka babu, alama za patasi yake zinaonekana kabisa ndani kwenye mataruma, sitaki ziondoke.

Swali la kwanza, hizo nyufa nazifanyaje? La pili, tanga na kamba nibadilishe au niache zilivyo? Na la tatu, hili jahazi limenipa hamu, nataka na mimi nijifunze kutengeneza meli za zamani za mbao kuanzia sifuri, nianze na ipi? Karibuni jamani.

fundi_kizota

Mkuu kwanza hongera kwa kurudi nalo nyumbani. Mimi ni seremala, nafanya vitanda na milango, lakini mbao ni mbao. Kilichotokea hapo siyo ubovu wa kazi ya babu yako. Mbao ina tabia ya kuvuta unyevu wa hewani na kuutoa, Pangani hewa ina maji mengi mwaka mzima, Dodoma tupo juu zaidi ya mita 1,100, mvua kwa mwaka haifiki hata milimita 600 na karibu yote inaangukia kati ya Desemba na Aprili, baada ya hapo ni ukavu na upepo. Kwa iyo jahazi limekauka kuliko lilivyowahi kukauka tangu lizaliwe. Na ubao ukikauka unasinyaa kwa upana, kwa urefu karibu hausogei kabisa, ndiyo maana nyufa zako zote zinafuata urefu wa mbao na hakuna hata moja iliyokatisha. Tena kuna mbao zinasinyaa zaidi ya nyingine kutegemea zilivyopasuliwa, uliopasuliwa kufuata mduara wa pete za mti unasinyaa karibu mara mbili ya uliopasuliwa kuelekea moyo. Angalia ncha ya ubao wenye ufa mkubwa utaona pete zimelala, nina uhakika.

Msasa na vanishi sikushauri. Ila nyufa ningezijaza, changanya unga wa mbao ya aina hiyo hiyo na gundi nyeupe, shindilia vizuri, ikikauka futa. Sisi kwenye milango tunafanya hivyo kila siku.

mtunza_kale

Nakubaliana na fundi kwa mengi, hapo kwenye kujaza tu naomba tubishane kidogo maana ndipo vitu vingi vya kale vinapoharibikia.

Ufa anaouona sasa hivi ni ufa wa kiangazi. Mvua zikianza hewa itabadilika, ule ubao utavuta unyevu na kurudi upana wake au karibu yake. Sasa kama ndani ya ufa umeshindilia kitu kigumu, iwe puti iwe unga na gundi, ubao utakosa pa kurudia. Utasukuma ubao wa jirani, misumari itang'oka kwenye mataruma, au utajipasua upya pembeni ya pale ulipojaza. Mlango una fremu nene na unapakwa rangi pande zote kwa hiyo unavumilia, mbao za hili jahazi unene wake ni milimita chache na zimebanwa kwa misumari pande zote, hazina uvumilivu huo.

Kwa iyo nkuhungu_dom cha kwanza kabisa ni kutofanya kitu kwenye nyufa mpaka uone mwaka mmoja umezunguka. Weka rula ndogo pembeni ya ufa, piga picha, kila mwisho wa mwezi rudia pale pale. Ukipata haigromita (kipima unyevu wa hewa) hata ya bei ndogo andika na unyevu wa siku hiyo. Ikifika Machi utajua ufa upi unajifunga wenyewe na upi umebaki wazi moja kwa moja, na huo uliobaki ndio wa kushughulikia. Namna yake ni hii: unachonga kibanzi chembamba cha mbao inayofanana, unakipitisha kwenye ufa kikiwa kimelegea kidogo, na unagundisha UPANDE MMOJA TU. Upande wa pili unabaki huru ubao uweze kuja na kwenda. Kwa mbali jicho halioni ufa tena, na mbao inapumua.

Gundi tumia inayoweza kutoka. Gundi ya ngozi ya ng'ombe ndiyo ya zamani na bado ndiyo bora kwa kazi hizi, inalowekwa usiku, inapashwa kwenye chombo kilichokaa ndani ya maji ya moto, isichemke, nyuzi 60 zinatosha maana ikichemka inapoteza nguvu. Huko mbele mtu akitaka kuifungua analainisha kwa joto na maji kidogo. Usipoipata, gundi nyeupe ya kawaida ya seremala isiyo ya kuzuia maji. Supaglu na epoksi kaa nazo mbali, zikishashika hazirudi nyuma.

Na uliweke kwenye kabati la kioo linalofunga vizuri, mbali na dirisha, mbali na feni na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Kioo hakizuii ukavu ila kinafanya mabadiliko yaende polepole, na kinachopasua mbao hasa ni mabadiliko ya ghafla. Mtu asikudanganye uweke glasi ya maji humo ndani, wala sahani ya chumvi iliyoloana, chumvi ya mezani ikiwa na maji kwenye boksi lililofungwa inapandisha unyevu mpaka kama asilimia 75 na hapo utakaribisha ukungu.

Kama unaona natia chumvi angalia habari ya Vasa, meli ya kivita ya Uswidi iliyozama Stockholm mwaka 1628 siku ile ile ya safari yake ya kwanza. Walipoiinua 1961 mbao zilikuwa zimeshiba maji miaka 333, wangeiacha ikauke tu ingesinyaa na kupasuka yote. Waliinyunyizia dawa ya polietilini glaikoli miaka 17 mfululizo ili iingie kwenye mbao taratibu badala ya maji. Mpaka leo jengo lake hewa inapimwa usiku na mchana. Mbao ikizoea hali moja, kuihamisha ni kazi ya subira.

fundi_kizota

Hiyo ya kibanzi kugundishwa upande mmoja nimeielewa, na ina mantiki. Kwenye paneli za milango ya zamani ndivyo ilivyo, paneli inakaa kwenye mfereji bila gundi ili icheze. Basi nafuta ushauri wa kujaza. Mabaki ya mninga, mvule na msaji yapo tele kwenye karakana za huku Kizota, njoo na jahazi lako tulinganishe rangi na chembe, sitakutoza kwa kibanzi.

mzee_wa_fashini

Salaam alaykum wanangu. Nimezaliwa Pangani na vyombo nimevipanda tangu mdogo, sasa niko Kondoa kwa mwanangu. Nimefurahi kuona jahazi limefika bara na lina mtu wa kulihurumia.

Haya anayosema mtunza_kale ndiyo haya haya ya chombo kikubwa. Jahazi likipandishwa pwani likakaa juani siku nyingi mbao huachana, ukilishusha majini linavuja, watu mnakaa mnafua maji, yaani mnayatoa chomboni, baadaye mbao zinavimba zinajifunga zenyewe. Ndiyo maana kwenye kalafati, ile kazi ya kuziba nafasi kati ya mbao, hutiwa pamba na mafuta, kitu laini kinachobanwa mbao zikivimba, hatukupiga kitu kigumu kama saruji. Babu yako akijua hilo vizuri.

Sasa mimi niseme la juu. Kabla hujagusa kamba hata moja piga picha za kila fundo, kila kamba inapoanzia na inapoishia, chora kwenye daftari. Hata kipande kilichokatika kiache pale kilipo mpaka umekichora. Fundi wa vyombo hafungi fundo ovyo, na kila mji una mkono wake. Kamba za kutafuta ni hizi: henza, ile nene inayopandisha foromali. Jarari, inapita kwenye gofia (kapi) ya kutwekea. Demani, inashika pembe ya tanga ya nyuma, ndiyo unayoivuta au kuilegeza kufuata upepo. Halafu za kuushika mlingoti pande mbili. Kama zote zimebaki hata vipande vyake basi una ramani kamili.

Na jambo moja naliomba sana, usije ukanyoosha mlingoti. Mlingoti wa jahazi umeinama kuelekea omo, ndivyo unavyotakiwa. Nimeona jahazi la mfano kwenye ofisi moja kubwa mtu ameusimamisha wima kama nguzo ya umeme, na tanga wamelishona la mraba, roho iliniuma. Foromali nayo iangalie, kwa kawaida ni miti miwili imeunganishwa kwa kufungwa kamba katikati, siyo mmoja. Ukikuta kifungo hicho usidhani imevunjika ikaungwa, hiyo ndiyo kazi yenyewe.

nkuhungu_dom

Shikamoo mzee. Nimeenda kuangalia usiku huu huu na tochi, foromali kweli ni vijiti viwili vimefungwa katikati kwa uzi mweusi! Mimi nilijua ilivunjika shangazi akafunga. Na yule fundi wa mtaani alikuwa amesema ataweka kijiti kipya kimoja. Mlingoti nao umeinama, nao alisema ataunyoosha. Nashukuru sana jamani.

Fundi wa Kizota nitakuja Jumamosi. Mtunza_kale nina swali la vumbi na lingine linanitisha, chini ya kitako cha jahazi nimekuta unga unga laini, ni wadudu?

mtunza_kale

Unga ule uusugue kwa vidole. Kama ni laini kabisa na kuna vitundu vidogo vya duara juu yake kwenye mbao, hao ni wadudu wa mbao. Fagia pote, weka karatasi nyeusi chini, angalia baada ya wiki mbili. Unga mpya ukiwepo, wapo hai. Usipulize dawa ya mbu juu ya rangi ya babu. Ukishavichora kama alivyosema mzee, toa vipande vya tanga na kamba uvihifadhi pembeni kwenye bahasha, funga jahazi kwenye plastiki nene mara mbili utoe hewa na uzibe kwa selotepu, liingize kwenye friza kubwa, lile la kuuzia nyama au samaki, nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki mbili. Ukilitoa usifungue plastiki mpaka lifikie joto la chumba, la sivyo jasho litalowesha mbao. Unga usipokuwepo basi achana na friza kabisa.

Vumbi tumia brashi laini ya rangi ya maji, unasukumia kwenye mdomo wa vakyumu uliofungwa kipande cha chandarua ili kitu kikichomoka kisimezwe. Palipo na uchafu mgumu, kijiti chenye pamba iliyoloana kidogo tu, unaviringisha, husugui, na unajaribu kwanza sehemu isiyoonekana kama rangi haitoki. Misumari yenye kutu usiing'oe, futa kutu ya juu kwa ncha ya kijiti cha mbao.

matanga_bara

Wakuu nachangia kwenye tanga na lile swali la tatu. Mimi natengeneza meli za mfano hapa Dodoma, za kwetu na za Ulaya.

Tanga la zamani usilitupe, lilaze kati ya karatasi nyeupe zisizo na tindikali, lihifadhi na jahazi. La kupandisha shona jipya kwa kufuata vipimo vya lile. Watu wengi mtandaoni watakwambia ulichovye kwenye chai ya rangi lionekane kuukuu, mimi nakukataza, chai ina tindikali na baada ya miaka inakula pamba. Nunua bafta nyembamba isiyopaushwa, ina rangi yake ya asili tayari inatosha. Merikani ya kawaida ni nzito mno kwa sentimita 75, kwenye chombo kidogo tanga linakuwa gumu kama turubai. Na nikiongelea merikani, hii nguo ndiyo ilikuwa ikiletwa na meli za Marekani mpaka Unguja karne ya 19, misafara ikaibeba kutoka Bagamoyo na kuilipa kama hongo (ushuru wa njia) kwa watemi wa Ugogo ili ipite hapa hapa tulipo. Kwa iyo mtu asituambie mambo ya meli hayatuhusu watu wa Dodoma.

Kamba fanya hesabu. Jahazi lenyewe la kweli chukulia mita 15, la kwako sentimita 75, maana yake ni moja kwa ishirini. Kamba nene ya milimita 40 kwako inakuwa milimita 2, ndogo za milimita 20 zinakuwa milimita 1. Usitumie katani, nyuzi zake ni nene na zina manyoya, kwenye mfano zinaonekana kama magogo. Chukua uzi wa pamba au wa kitani, sokota mwenyewe nyuzi tatu tatu, halafu upitishe kwenye nta ya nyuki mara mbili tatu, manyoya yote yanalala. Nta nzuri ipo Singida na Manyoni kwa wafugaji wa nyuki, kipande kidogo tu kinakutosha miaka. Gofia chonga za mpingo, mabaki kutoka kwa wachonga vinyago, mpingo chembe zake ni ndogo sana kwa hiyo hata gofia ya milimita 8 unaitoboa haipasuki.

Kuhusu kuanza, usianze na Victory. Najua kila mtu anaitaka, ile meli ya Waingereza iliyoshushwa majini 1765 na kupigana Trafalgar 1805, lakini ina mizinga 104 na kamba zisizohesabika, wengi niliowaona wameianza wameiacha ikiwa mbavu tupu juu ya kabati. Anza na ngalawa. Gogo moja unalichimba, unaweka miti ya kukatisha na marengu mawili pembeni (yale ya kuzuia isipinduke), tanga moja. Utajifunza patasi, utajifunza tanga, na utaimaliza. Ya pili fanya mashua au jahazi kwa mataruma na mbao, hapo ndipo ufundi ulipo. Mafundi wetu wa pwani hawatumii michoro, wanajenga kwa jicho na kipimo cha mkono, kwa hiyo usitegemee kushusha plani mtandaoni. Panda treni ya SGR mpaka Dar, nenda Bagamoyo au Kunduchi na futi kamba, omba ruhusa kwa nahodha au fundi, pima chombo kilichopandishwa. Urefu wa mkuku, upana katikati, kimo cha omo na cha shetri, na umbali kati ya taruma na taruma. Ukiwa na hivyo na picha za pembeni, mbele na nyuma unachora plani yako mwenyewe.

Na ukishaiva, ndoto yangu mimi naipenda iwe ya wengi: Sultana, meli ya Seyyid Said iliyojengwa Bombay 1833 ikatoka Unguja na kufika New York tarehe 30 Aprili 1840, mjumbe wake akiwa Ahmad bin Na'aman. Na mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, tanga lake la mkeka. Mtepe wa mwisho wa kufanya kazi ulishapotea baharini karne iliyopita, sasa zimebaki mifano tu, na mifano hiyo ndiyo inayotuambia mbao zilishonwaje. Ndiyo maana nimeumia nilipoona mtu anataka kupiga msasa kazi ya fundi wa Pangani. Zile alama za patasi ndani ya mataruma ni maandishi yake, michoro mingine hakuacha.

nkuhungu_dom

Nimewaelewa wote. Puti hapana, msasa hapana. Picha na rula naanza mwisho wa mwezi huu, karatasi nyeusi nimeshaweka chini, kabati la kioo nitaagiza. Kamba nitaanza kuchora kesho.

Mzee wangu nina moja, kichwani mwa mlingoti kuna tundu na pembeni yake kuna kigofia kimening'inia kwa kamba iliyooza. Henza ilikuwa inapita wapi?

mzee_wa_fashini

Marahaba mwanangu. Vyote viwili huwezekana, lile tundu la henza na kigofia cha kamba ndogo, au tundu halitumiki kabisa. Angalia ndani ya tundu kwa tochi. Kamba ikipita mahali miaka mingi huacha mahali palipolainika na kung'aa, upande wa juu au wa chini. Halafu kipime kigofia, tundu lake linaingia uzi wa milimita ngapi. Piga picha mbili, moja kutoka omo na moja kutoka ubavuni, uziweke hapa, usikate ile kamba iliyooza mpaka nimeziona.